UZI: Mbona kwenda kazini kwa baiskeli ni kwepesi na kurudi ni mlima? (Gede – Malindi)

#1 Pedali ya Gede
Wajameni, salaam. Nina swali linanikera mwaka wa pili sasa.

Naishi Gede, kazi yangu ni Malindi mjini, stoo ya vifaa vya ujenzi. Naenda na kurudi kwa baiskeli siku sita kwa wiki. Asubuhi natoka saa kumi na moja na nusu, dakika 55 nishafika, nishanawa uso, nishaagiza mahamri na mbaazi. Jioni natoka saa kumi na moja. Barabara ile ile, baiskeli ile ile, miguu ile ile niliyozaliwa nayo. Nafika nyumbani baada ya dakika 95, siku nyingine 100, magoti yananitetemeka na mke wangu aniuliza kama nilipitia Mombasa.

Na tafadhali msinijie na habari ya upepo. Nimechunguza. Julai ni hivyo, Januari ni hivyo. Kuna nini kwenye ile barabara?

#2 TukTuk Maweni
Kuna ukaidi. Uza hilo gari la miguu, uje nikubebe.

#3 Kijana wa Muyeye
Kilomita 20 kila asubuhi? Bro wewe si mtu wa kawaida.

#4 Nahodha Mstaafu
Kijana, si 20. Kutoka njia panda ya Gede hadi mjini ni kama 16.

Pedali mwanangu, umetukataza jibu kabla hatujajibu. Ni upepo. Sasa hivi tuko ndani ya kusi. Kusi huanza Aprili, hutoka kusini-mashariki, ikapanda ikawa kali Juni na Julai, hata mashua ndogo hazitoki. Wewe asubuhi unaelekea kaskazini, unasukumwa mgongoni kama ngalawa. Jioni unageuza uso kuelekea Gede, unakutana nayo kifuani. Basi. Hakuna jini hapo.

Tena asubuhi ile ya alfajiri bahari haijaamka. Kuna umande, upepo mwembamba wa kutoka bara. Alasiri nchi ikishapata moto, upepo wa bahari nao unajiunga na kusi. Wawili wanakupiga.

#5 Pedali ya Gede
Ahsante Mzee Nahodha. Lakini Januari? Kaskazi ikivuma si ilitakiwa inisukume jioni nirudi nacheka? Sikumbuki nimecheka.

#6 Mwana wa Mambrui
Subirini hapo kwanza. Mimi natoka Mambrui, upande wa pili kabisa, nafanya kazi karibu na Uhuru Garden. Asubuhi naelekea kusini, nikiwa na hiyo kusi usoni. Kwa hesabu ya Mzee, asubuhi ndiyo ingekuwa taabu yangu na jioni raha.

Wallahi na mimi kurudi ndiko kuzito.

Sasa upepo gani huo unaomchapa wa Gede na wa Mambrui jioni ile ile?

#7 Pedali ya Gede
😂😂 Nimepata shahidi.

#8 TukTuk Maweni
Ni upepo wa deni. Jioni unarudi kwa wenye kukudai.

#9 Mwalimu Mizani
Mambrui, kwako kuna jambo la wazi. Daraja la Sabaki liko bondeni. Unateremka, unavuka, unapanda. Asubuhi unapanda ukiwa mpya. Jioni unapanda umeshasimama kazini kwa muda wa saa nane.

Pedali, nakupa hesabu ndogo. Ukienda kilomita 15 kwa saa na upepo wa 15 unakuja mbele, mwili wako unahisi upepo wa 30. Ila nguvu ya upepo kukuzuia haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ndiyo maana hata kusi isiyo kali unaiona kama ukuta.

La pili ambalo watu hawalifikirii: upepo haukulipi ulichokunyang'anya. Chukua safari ya kilomita 15. Kwenda unasukumwa, unapiga 20 kwa saa, dakika 45. Kurudi unazuiwa, unapiga 10, dakika 90. Jumla dakika 135. Bila upepo wowote, kwa mwendo wa 15, ungetumia 120. Umepoteza robo saa. Kwa sababu ule muda wa taabu unakaa ndani yake mrefu kuliko ule wa raha. Na akili ndiyo huo inaoukumbuka. Ukisema "Januari sikucheka", mimi nauliza, uliandika popote?

#10 Pedali ya Gede
Sikuandika Mwalimu. Nilikuwa nakanyaga.

#11 Fundi Spoku
Nimesoma yote, nimecheka. Mnaongea habari za bahari na hesabu, hakuna aliyeuliza hali ya baiskeli. Nina miaka kumi na tisa nashika spana hapa Malindi. Tisa katika kumi wanaonijia wakilia "njia nzito" ni vitu vitatu: hewa, breki, gololi.

Hewa: chubu ina mbigili ndogo, inapumua polepole. Asubuhi umejaza, ngumu kama jiwe. Mchana kutwa inapumua. Jioni umekalia uji.
Breki: rimu imepinda kama sambusa, kila mzunguko inagusa raba.
Gololi: ntasema nikiona hiyo baiskeli.

Pedali, inua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa mkono, hesabu. Likisimama kabla ya mizunguko kumi, usimlaumu Mungu.

#12 Mwalimu Mizani
Fundi, kwa heshima zote, gololi haijui saa. Asubuhi ni mbovu, jioni ni mbovu.

#13 Fundi Spoku
Mwalimu, mgonjwa akibebwa hajui kama mguu wake unauma. Asubuhi kusi imembeba.

#14 Nahodha Mstaafu
Kwa hiyo Fundi amekubali ni upepo.

#15 Fundi Spoku
Sijakubali kitu.

#16 Bi Kengele
Jamani hamjambo. Na sisi wanawake tuko kwenye hii barabara, msijione wenyewe. Mimi naenda Casuarina kila siku, nafanya usafi kwenye hoteli moja. Upepo wenu siujui, mimi taabu yangu ilikuwa buibui.

Mwaka juzi, asubuhi, karibu na Silversands, pindo liliingia kwenye cheni. Si kwa kunaswa kidogo, cheni ililimeza. Nikasimama katikati ya njia mguu mmoja chini mmoja hewani, nikienda mbele inakaza, nikirudi nyuma inakaza. Watu wa tuktuk wanapita wanapiga honi kama harusi. Akaja kijana anayeuza madafu, akachukua lile panga lake, nikapiga ukelele wallahi nilidhani anakata mguu. Akakata pindo, akainua gurudumu, akazungusha pedali kinyumenyume na kile kitambaa kikatoka taratibu, cheusi juu ya cheusi, kimejaa grisi. Akaniuliza, "Dada, lako hili?" Kama kuna mwengine pale.

Tangu hapo nafunga pindo kwa mpira wa chubu kuukuu, na Fundi mmoja alinikatia mtungi wa mafuta wa plastiki akafunika cheni. Sare naibeba kwenye mfuko, nabadilisha nikifika. Kufika na jasho mbele ya wageni hapana.

Kurudi kwangu kuzito kwa sababu nimetandika vitanda ishirini. Hamna fizikia hapo.

#17 Pedali ya Gede
Pole sana dada. Na huyo kijana wa madafu Mungu ampe.

#18 TukTuk Maweni
Bi Kengele, mmoja wa waliopiga honi huenda ni mimi. Nisamehe.

#19 Bi Kengele
Rangi ya tuktuk naikumbuka. Tutaonana.

#20 Babu Dainamo
Wajukuu, mwaka 1974 nilikuwa na ile nyeusi nzito, mnayoiita Black Mamba. Ilikuwa na dainamo ubavuni mwa gurudumu. Magharibi ikiingia unaibonyeza, inajibana kwenye tairi, taa inawaka, na baiskeli inakuwa nzito kama umebeba mtu. Mwanga ule ulitoka kwenye miguu yako mwenyewe.

Pedali, jioni unawasha dainamo?

#21 Pedali ya Gede
Shikamoo Babu. Sina dainamo. Nina tochi ya simu nimeifunga na raba.

#22 Babu Dainamo
Marahaba. Basi si hiyo.

#23 Kijana wa Muyeye
Nawapa siri. Asubuhi malori yanatoka upande wa Mombasa yanaingia mjini. Lori likikupita karibu linakuvuta na upepo wake. Jioni yamepungua. Mimi hata nashika bomba la nyuma la tuktuk, napelekwa bure mpaka Kisumu Ndogo.

#24 Nahodha Mstaafu
Kijana, usiandike ujinga huu watoto wakausoma. Lori likikupita karibu kwanza linakusukuma nje ya lami, halafu linakuvuta ndani. Pale kwenye kukuvuta ndipo gurudumu la nyuma lilipo.

#25 TukTuk Maweni
Na tuktuk ikipiga breki ghafla, meno yako yanabaki kwenye bampa yangu.

#26 Bi Kengele
Mwanangu, sikia wakubwa.

#27 Kijana wa Muyeye
Sawa. Nimesikia.

#28 Mtu wa Langoni
Salaam kutoka Amu, yaani Lamu. Nyinyi mwalia na lami, siye ndia zetu za mjini mtu akikutana na punda mwenye mzigo ni lazima mmoja arudi nyuma, na si punda. Baiskeli yangu naitumia ufukweni kuendea Shela. Pale hakuna kusi wala gololi, kuna mai. Yakijaa ndia imekwenda, wangoja yapwe. Mtu wa Shela akichelewa kazini husema "bahari ilikuwa imejaa" na bosi hana la kujibu, yeye mwenyewe amechelewa.

#29 Mwana wa Mambrui
Mbona nasikia pikipiki zimeshaingia Lamu?

#30 Mtu wa Langoni
Zimeingia. Ila kwenye vichochoro vya mji wa kale haziwezi kitu. Punda bado ndiye msimamizi wa barabara.

#31 Msimamizi
Msimamizi wa uzi pia anaomba turudi kwenye mada.

#32 Nahodha Mstaafu
Narudi kwenye mada na nitaleta historia. Vasco da Gama aliondoka hapa Malindi Aprili 1498 na rubani aliyepewa hapa hapa, mwanzo wa kusi. Mei ashafika Calicut, India. Wakati wa kurudi akakaidi msimu, hakungoja kaskazi ikomae. Alikaa karibu miezi mitatu baharini, watu wake wakifa kwa kiseyeye, akaingia tena Malindi Januari 1499.

Bahari ile ile, meli ile ile. Pedali ajiulize.

#33 TukTuk Maweni
Vasco wa Gede 😂😂😂

#34 Pedali ya Gede
Hilo jina sitalikubali. Lakini nimesikia. Kuanzia kesho Jumatatu nafunga kitambaa cha kanga kwenye usukani, kirefu cha kiganja. Kikija kifuani, upepo uko mbele. Kikielekea mbele, uko nyuma. Nitaandika kila jioni. Mwalimu asije tena akaniambia sikuandika.

#35 Kijana wa Muyeye
Weka kipande cha mfuko wa plastiki, ni chepesi zaidi.

#36 Bi Kengele
Mfuko wa plastiki utautoa wapi, marufuku tangu 2017. Kanga ni sawa. Ina maneno gani?

#37 Pedali ya Gede
Imekatika, imebaki "…SIONI HAYA".

#38 Mwalimu Mizani
Safi. Ila andika pia umebeba nini.

#39 Pedali ya Gede
Habari za jioni. Ripoti ya wiki, nimejitahidi.

Jumatatu: kitambaa kifuani toka uwanja wa ndege mpaka Msabaha. Dakika 98. Jua la magharibi shavu la kulia limenichoma upande mmoja kama chapati. Mzigo: unga kilo 2, nazi tatu.
Jumanne: mvua imepita mchana, kumetulia, kitambaa kimelala kama samaki sokoni. Dakika 90. Mzigo hakuna.
Jumatano: kitambaa kinapiga upande, kutoka baharini. Dakika 96. Mzigo samaki.
Alhamisi: kitambaa kifuani. Dakika 112. Mzigo: simenti mfuko mmoja.
Ijumaa nilipitia kwa Fundi Spoku mchana (atasema mwenyewe). Jioni upepo mkali kuliko siku zote, kitambaa kinanipiga kidevu. Dakika 80.
Jumamosi nusu siku, nimetoka saa saba mchana, upepo mbele vilevile. Dakika 65. Mzigo hakuna.

Nimechanganyikiwa kuliko mwanzo.

#40 Fundi Spoku
SIMENTI? Kilo 50 kwenye keria?

#41 Pedali ya Gede
Jirani anajenga. Mimi nanunua kwa bei ya mfanyakazi. Ni Alhamisi tu.

#42 Mwana wa Mambrui
Alhamisi tu tangu lini?

#43 Pedali ya Gede
Tangu mwaka jana, Machi.

#44 Mwalimu Mizani
Kumbe huyu si mwenda kazini, ni kampuni ya usafirishaji.

#45 Fundi Spoku
Nieleze nilichokiona Ijumaa. Nimetoa gurudumu la nyuma. Grisi hamna, mna kitu cheusi cha mchanga na chumvi, ukikisugua kwa vidole kinalia. Upande wa kulia gololi zinatakiwa tisa. Nimekuta saba nzima, moja imevunjika vipande viwili, moja haipo kabisa, imesagika imekuwa unga. Ekseli imelegea, kwa hiyo akiweka mzigo nyuma gurudumu linahama kidogo na rimu inakwenda kulala kwenye raba ya breki. Anakanyaga kwenda mbele huku amefunga breki! Kwa hivyo gololi inajua saa, Mwalimu. Inajua saa ya mzigo, na mzigo ni jioni.

Nimeosha na mafuta taa, nimeweka gololi mpya na grisi, nimenyoosha rimu. Siku hiyo hiyo upepo ukiwa mkali zaidi akaenda dakika 80. Kesi imekwisha.

#46 Nahodha Mstaafu
Kesi haijakwisha. Baiskeli mpya kabisa sasa, na bado dakika 80 dhidi ya 55 za asubuhi. Hizo 25 ni za nani? Za kusi.

#47 Bi Kengele
Jumamosi alitoka saa saba hajachoka, upepo mbele, dakika 65. Hizo 15 alizopunguza kutoka Ijumaa ni za uchovu. Nilisema.

#48 Mwalimu Mizani
Na Jumanne, hakuna upepo, hakuna mzigo, dakika 90. Hiyo inaniharibia mimi na inamharibia Nahodha. Inamsaidia Fundi kidogo. Pedali, Jumanne ulikula nini mchana?

#49 Pedali ya Gede
Jumanne nilifunga. Naweka funga za kadha, nalipa zile za Ramadhani.

#50 Mwalimu Mizani
Ya Rabi. Sasa na njaa imeingia kwenye hesabu.

#51 TukTuk Maweni
Mimi nasema Gede iko juu. Maji ya mvua yanateremkia huku kwetu.

#52 Mwana wa Mambrui
Na Mambrui nako kuko juu? Basi nyinyi wa Malindi mjini ndio mko shimoni, kila anayerudi kwake anapanda.

#53 TukTuk Maweni
Mimi niko shimoni na sijawahi kuchoka.

#54 Babu Dainamo
Zamani ulipochoka ulishuka ukasukuma, ukakutana na mwenzio naye anasukuma, mkaongea mpaka nyumbani. Dakika hatukuhesabu. Baraza la mji lilihesabu tu kibati cha leseni ya baiskeli, usipokuwa nacho unalala ndani.

#55 Kijana wa Muyeye
Baiskeli ilikuwa na leseni??

#56 Babu Dainamo
Na kengele, na breki mbili. Wewe leo una breki?

#57 Kijana wa Muyeye
Nina viatu.

#58 Fundi Spoku
Kijana, kesho uje. Raba za breki bei ya soda mbili.

#59 Mwana wa Mambrui
Nina pendekezo. Pedali na mimi tubadilishane baiskeli wiki moja. Yake ishatengenezwa, yangu sijaifungua tangu niinunue mitumba. Nikirudi Mambrui kwa yake nikaiona nyepesi, Fundi ameshinda. Akirudi Gede kwa yangu akafa, pia Fundi ameshinda.

#60 Nahodha Mstaafu
Na mimi nitashinda lini?

#61 Mwana wa Mambrui
Wewe Mzee ngoja Januari.

#62 Pedali ya Gede
Nimekubali. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa mama wa mbaazi pale karibu na soko la zamani. Simenti ya Alhamisi nitampigia jirani simu.

#63 Bi Kengele
Mimi nitapita kushuhudia. Mnilipie mahamri mawili.

#64 Pedali ya Gede
Saa moja kasorobo. Niko hapa na Bi Kengele, chai ya pili. Mambrui uko wapi?

#65 Mwana wa Mambrui
Niko darajani Sabaki, pancha. Mbigili tatu tairi la mbele, nimezitoa kwa meno. Kuna mtu yuko karibu ana pampu? Ile yangu mpira umekatika.

#66 Fundi Spoku
Valvu nene au nyembamba?

#67 Mwana wa Mambrui
Nyembamba. Na upepo huku, Mzee Nahodha, uko usoni kabisa.